Shule ya Watawa, Sheria ya Nchi: Mambo Ambayo Mzazi wa Dar es Salaam Anapaswa Kuyafahamu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila unapokaribia mwezi Januari, wazazi na walezi wa Bunju, Kibamba, Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto huanza kuulizana swali lile lile: mtoto apelekwe shule gani? Miongoni mwa shule zinazotajwa kwanza ni zile zinazoendeshwa na watawa. Wengi huzisifu kwa nidhamu na ufaulu. Wengine huziogopa kwa ada, au kwa hofu kwamba mtoto asiye wa dhehebu hilo hatapata nafasi, ama akiipata atalazimishwa ibada zisizo zake. Wapo pia wanaoamini kwamba shule iliyo chini ya nyumba ya watawa ni mali ya Kanisa peke yake, na kwamba Serikali haina kauli juu yake.

Imani hiyo ya mwisho si sahihi, na mara nyingi ndiyo inayomfanya mzazi anyamaze pale anapostahili kuuliza. Makala haya yanaeleza jinsi shule za watawa zilivyoanza katika vilima vya Pugu, jinsi Dola ilivyozichukua, jinsi zilivyoruhusiwa tena, na jinsi sheria inavyozisimamia leo. Mfano unaotumika zaidi ni wa wamonaki Wabenediktini, kwa sababu historia ya shirika lao nchini ilianzia pembezoni mwa Dar es Salaam.

Pugu, mwaka 1888

Shirika la Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien lilianzishwa nchini Ujerumani mwaka 1884 na Padri Andreas Amrhein, mmonaki mzaliwa wa Uswisi. Lengo lake lilikuwa kuunganisha mambo mawili ambayo hadi wakati huo yalitazamwa kuwa hayapatani: maisha ya kimonaki, ambayo humtaka mtu akae mahali pamoja katika sala na kazi, na umisionari, ambao humtaka asafiri. Mwaka 1887 Kanisa Katoliki lililikabidhi shirika hilo eneo la kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki. Kundi la kwanza la mabruda na masista, likiongozwa na Padri Bonifatius Fleschutz, liliwasili Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 1888 na kuchagua Pugu, kusini-magharibi mwa mji, kuwa makazi yake.

Misheni ya Pugu ilipokea watu waliokombolewa utumwani, wakiwamo watoto. Hata hivyo, misheni hiyo haikudumu. Upinzani wa watu wa pwani dhidi ya uvamizi wa Wajerumani, uliohusishwa na jina la Abushiri bin Salim, ulikuwa umekwisha kupamba moto. Tarehe 13 Januari 1889 Pugu ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, na wengine walichukuliwa mateka. Kwa wapiganaji wa pwani, misheni na utawala wa kigeni vilikuwa kitu kimoja. Tukio hilo lilitangulia swali ambalo nchi ingelijibu kwa sheria miaka mingi baadaye: shule ya dini iko upande wa nani?

Baada ya hapo Wabenediktini walijijenga mjini na kisha wakaelekea kusini. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, linaloikabili bandari ya Dar es Salaam, lilijengwa kati ya mwaka 1897 na 1902. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Mwaka 1910 walianza kuchapisha Dar es Salaam gazeti la Kiswahili lililoitwa Rafiki Yangu. Shule zilisambaa pamoja na vituo hivyo, zikifundisha kusoma, kuhesabu, dini na kazi za mikono kama useremala, uashi na uchapaji.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikatiza kazi hiyo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na Dar es Salaam ikakabidhiwa kwa Wakapuchini wa Uswisi mwaka 1921. Wabenediktini waliporejea, walirejea kusini. Ndiyo maana leo majina ya abasia zao, yaani nyumba kuu za wamonaki zinazoongozwa na abate, yanafahamika zaidi Ruvuma na Mtwara kuliko jijini. Abasia ya Hanga, mkoani Ruvuma, ambayo ilianza kama jumuiya ya wamonaki Waafrika mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipandishwa kuwa abasia mwaka 1980.

Kutoka ruzuku hadi utaifishaji

Uhusiano wa kisheria kati ya Serikali na shule za misheni una umri wa karibu karne moja. Sheria ya elimu ya mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza, iliweka utaratibu wa kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza viwango na kukubali kukaguliwa. Tangu wakati huo, shule nyingi za Kanisa zilikuwa na sura mbili: mmiliki alikuwa misheni, lakini sehemu ya mishahara na vifaa ilitoka kwenye kodi ya wananchi.

Pugu nayo ilirudi kwenye ramani ya elimu, safari hii chini ya mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, kupitia Chuo cha Mtakatifu Fransisko. Hapo ndipo Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alipofundisha baada ya kurejea kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952. Aliendelea kufundisha hata baada ya TANU kuzaliwa tarehe 7 Julai 1954, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili kuitumikia siasa ya ukombozi kwa muda wote. Rais wa Awamu ya Tatu, hayati Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, alipita katika shule za misheni za Wabenediktini za Ndanda na Kigonsera kabla ya kujiunga na Pugu, na kutoka hapo akaenda Makerere.

Baada ya Uhuru, hali hiyo ilizaa swali la haki. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na sehemu kubwa zilikuwa katika shule za Kikristo. Mtoto aliyezaliwa mbali na misheni, au katika familia ya Kiislamu, alikuwa na njia nyembamba zaidi ya kufika darasani. Kwa kutumia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizitaifisha shule zilizokuwa zikipokea ruzuku, ili milango yake iwe wazi kwa watoto wote bila kujali dini. Pugu na Ndanda ni miongoni mwa shule zilizokuwa za umma kwa njia hiyo. Seminari hazikuguswa, kwa kuwa kazi yake ni kuwaandaa vijana kwa ajili ya upadri.

Mwelekeo ulibadilika tena miaka ya 1990, mahitaji ya elimu yalipozidi uwezo wa Serikali peke yake. Mwaka 1992 Serikali na makanisa ya Kikristo walitia saini Mkataba wa Maelewano kuhusu huduma za elimu na afya, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikahimiza sekta binafsi kujenga shule. Taasisi za dini, za Kikristo na za Kiislamu, zilifungua shule mpya. Baadhi ya zilizotaifishwa zilirejeshwa: shule ya masista iliyokuwa karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambayo baada ya kutaifishwa iliitwa Forodhani, iko tena mikononi mwa Kanisa.

Ndanda inaonesha vizuri matokeo ya historia hiyo. Ipo Shule ya Sekondari Ndanda, ambayo ni ya Serikali, na ipo Shule ya Sekondari Abbey, inayomilikiwa na abasia. Wamiliki ni wawili, lakini mtaala ni mmoja na mtihani wa Taifa ni mmoja.

Abasia ni ya watawa, shule ni ya sheria

Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inalinda uhuru wa kila mtu wa kuamini dini aitakayo, na inatamka kuwa shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini vitakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo Serikali haimchagui abate, haipangi saa za sala za wamonaki, wala haiamui nani aweke nadhiri.

Hata hivyo, uhuru huo hauingii na mtoto darasani bila masharti. Mara abasia inapofungua shule, inaingia katika eneo linalotawaliwa na Sheria ya Elimu, Sura ya 353, iliyotungwa mwaka 1978 na kufanyiwa marekebisho baadaye. Chini ya sheria hiyo, mtu au taasisi haiwezi kuanzisha shule bila idhini ya Kamishna wa Elimu. Ni lazima mmiliki athibitishwe, meneja wa shule athibitishwe, na shule yenyewe isajiliwe baada ya majengo, walimu, vyoo, maji na maabara kukaguliwa. Usajili unaweza kufutwa masharti yakikiukwa. Kanzu ya mmiliki haibadilishi chochote katika hatua hizo.

Aidha, kinachofundishwa hakitungwi na abasia. Mitaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mitihani ya Kidato cha Pili, cha Nne na cha Sita huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi, wana mamlaka ya kuingia katika shule ya watawa kama wanavyoingia katika shule ya kata. Mwalimu, awe bruda, padri au mlei, anapaswa kuwa na sifa za ualimu zinazotambuliwa na nchi.

Nidhamu, ambayo ndiyo sifa kubwa ya shule hizi, nayo ina mipaka. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinaweka ukomo wa viboko vinne, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na adhabu hiyo huandikwa katika daftari maalumu. Vilevile, Wizara yenye dhamana ya elimu imewahi kuzikataza shule zisizo za Serikali kumkaririsha au kumwondoa mwanafunzi kwa sababu tu hakufikia wastani uliowekwa na shule yenyewe. Mzazi anayeambiwa kuwa mwanawe hawezi kuendelea kwa sababu hiyo anayo haki ya kuomba maelezo kwa maandishi na kuyafikisha kwa Afisa Elimu wa halmashauri yake.

Kuhusu dini, sheria ya elimu haikubali mtoto wa Kitanzania abaguliwe kwa imani yake. Shule iliyosajiliwa kuwa ya kawaida inatofautiana na seminari, na mzazi anapaswa kuuliza mapema ni ipi kati ya hizo mbili. Shule ya kawaida ya watawa inaweza kuwa na misa, sala ya asubuhi na somo la dini katika ratiba yake. Lakini mzazi wa dini nyingine anayo haki ya kuelezwa, kabla ya kulipa ada, ni yapi kati ya hayo ambayo mtoto wake hatahudhuria, na atakuwa wapi wakati wenzake wako kanisani.

Kwa nini kutwa?

Shule nyingi za Wabenediktini nchini ni za bweni. Sababu yake ni ya kijiografia: abasia zilijengwa vijijini, na wanafunzi walitoka mbali. Jiji lina mazingira tofauti. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728, na ongezeko kubwa linaelekea pembezoni mwa Kinondoni, Ubungo, Temeke, Ilala na Kigamboni. Katika eneo lenye watoto wengi hivyo, shule haihitaji bweni ili kujaza madawati. Inahitaji kuwa karibu na nyumba zao.

Serikali ilifuata njia hiyo ilipotekeleza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanzia mwaka 2004, uliozaa shule za sekondari za kata, ambazo kwa sehemu kubwa ni za kutwa. Kuanzia Machi 2023, Serikali pia ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi Darasa la Nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Msingi wa uamuzi huo ni kwamba mtoto mdogo anahitaji malezi ya wazazi wake, na shule, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuchukua nafasi yao.

Hoja hiyo ina uzito pia kwa kijana wa sekondari, hasa katika shule ya dini. Mwanafunzi wa kutwa hurudi nyumbani jioni. Kijana wa Kiislamu wa Mbagala anayesoma kwa watawa anaweza kuhudhuria madrasa yake kama kawaida na kufuturu na familia yake mwezi wa Ramadhani. Kijana wa Kilutheri wa Kimara anaimba katika kwaya ya usharika wake. Baba na mama wanaona daftari, wanasikia malalamiko, wanatambua mapema mtoto anapobadilika. Kwa namna hiyo shule inabaki kuwa shule, na nyumba inabaki kuwa nyumba.

Shule ya kutwa inayoendeshwa na wamonaki si jambo geni duniani. Katika kitongoji cha Ealing, magharibi mwa London, Wabenediktini walifungua shule ya kutwa mwaka 1902. Huko Newark, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, shule yao ya wavulana iliyoanza mwaka 1868 ilifungwa mwaka 1972, miaka michache baada ya ghasia za mwaka 1967 zilizoutikisa mji huo. Baadhi ya wamonaki walihama. Waliobaki waliifungua tena mwaka 1973, safari hii ikihudumia kwa sehemu kubwa vijana Weusi wa mji ule ule. Nadhiri ya Kibenediktini ya kudumu mahali pamoja ilionekana kwa vitendo. Ikumbukwe pia kwamba shule hizo mbili, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za wavulana, leo zinapokea wasichana.

Changamoto za kutwa

Pamoja na faida hizo, shule ya kutwa ina gharama isiyoandikwa katika fomu ya ada. Mwanafunzi anayetoka Chanika au Bunju kwenda shule ya mbali huamka saa kumi alfajiri, na jioni hugombania nafasi kwenye daladala, ambako makondakta wengine huwakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Saa tatu au nne za barabarani kila siku ni saa za kujisomea zilizopotea. Shule yenye sifa iliyo mbali inaweza kumpa mtoto matokeo hafifu kuliko shule ya wastani iliyo jirani.

Shule nyingi zisizo za Serikali hutumia mabasi yake. Mzazi aulize kama basi lina leseni ya kubeba wanafunzi, kama lina mhudumu mbali na dereva, na kama idadi ya watoto inalingana na idadi ya viti.

Suala jingine ni ada. Utaratibu wa elimumsingi bila ada, ulioanza mwaka 2016 na kupanuliwa hadi Kidato cha Tano na cha Sita katika mwaka wa fedha 2022/2023, unahusu shule za Serikali. Shule ya watawa hujiendesha kwa ada, misaada na miradi yake. Hakuna lawama katika hilo, lakini mzazi apewe mchanganuo kamili kabla ya mhula kuanza: ada, chakula, usafiri, sare, mitihani na michango.

Mambo ya kuhakiki kabla ya kumwandikisha mtoto

Kwanza, namba ya usajili. Shule halali ina namba iliyotolewa na Wizara yenye dhamana ya elimu, na haipaswi kusita kuionesha. Namba hiyo ni tofauti na namba ya kituo cha mtihani inayotolewa na Baraza la Mitihani. Shule inayosubiri usajili haipaswi kupokea wanafunzi.

Pili, mmiliki na meneja. Jina la mtakatifu kwenye lango halithibitishi kuwa shule ni ya Kanisa. Wapo watu binafsi wanaotumia majina ya watakatifu. Uliza ni shirika gani, jimbo gani au abasia gani inayomiliki shule, na nani anayewajibika kisheria.

Tatu, aina ya shule. Je, ni seminari au shule ya kawaida? Ni ya wavulana pekee au ya mchanganyiko? Ni ya kutwa, ya bweni, au vyote viwili? Je, usajili wake unaruhusu kile inachokitangaza?

Nne, matokeo ya miaka kadhaa, na si ya mwaka mmoja. Matokeo ya Baraza la Mitihani hutangazwa hadharani. Tazama pia idadi ya watahiniwa: kama Kidato cha Pili walifanya mtihani wanafunzi 90 na Kidato cha Nne wakafanya 50, uliza wengine 40 walikwenda wapi.

Tano, mkondo wa masomo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali. Mashirika yenye desturi ndefu ya karakana, kama Wabenediktini, yana historia ya kufundisha ufundi, lakini historia si kibali. Mkondo wa amali unahitaji karakana, walimu na vifaa vilivyothibitishwa.

Hitimisho

Nchi imepita vipindi vitatu katika jambo hili: shule zilikuwa mali ya misheni, kisha zikawa mali ya umma, na sasa zipo za pande zote mbili chini ya sheria moja. Utaratibu wa leo unamwachia mtawa sala zake na kumwachia mzazi imani ya nyumba yake. Mtoto, akiwa darasani, yuko chini ya ulinzi wa sheria kwa namna moja, awe Pugu, Ndanda au Mbagala.

Wazazi na walezi wanakumbushwa kutembelea shule wakati wa masomo, kuuliza maswali bila woga, na kufikisha malalamiko yao kwa bodi ya shule, kisha kwa Afisa Elimu wa halmashauri na Ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule. Wamiliki nao wanakumbushwa kuwa heshima waliyopewa na jamii kwa sababu ya mavazi na nadhiri zao haichukui nafasi ya usajili, wala haimwondolei mzazi haki ya kujibiwa.